Wiki nane za udongo Leeds

Nimelipa pauni 220 kwa darasa la ufinyanzi la jioni hapa Leeds, kila Jumanne saa moja hadi saa tatu usiku, wiki nane. Dada zangu wa huku wananiuliza kila mmoja kwa wakati wake kama hela hiyo ina maana, basi naandika mara moja wasome wote. Ina maana, ila mjue mnanunua nini. Jina la karakana yenyewe silitaji, kwa sababu nina la kulalamikia.

Kilichonipeleka ni mfinyanzi Magdalene Odundo. Mwaka 2019 nilipanda treni hadi Wakefield, kwenye jumba la sanaa la Hepworth, kuona maonyesho yake. Vyungu vyake zaidi ya 50, vingine vyeusi tii, vingine vya rangi ya machungwa yaliyoiva, shingo ndefu na tumbo la mama mjamzito, vyote vimefinyangwa kwa mkono bila gurudumu la kufinyangia. Mimi ni mtu wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, Tanzania. Nimekulia kwenye vyungu vya Wakisi vinavyotoka Ikombe kwa mitumbwi na kuuzwa gulioni Matema siku ya Jumamosi. Bibi yangu hakununua chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole na kukitegea sikio. Kikilia vizuri, anafungua pindo la khanga. Kikitoa sauti butu anakirudisha, kina ufa. Pale Wakefield mkono uliniwasha kugonga. Nilijizuia, lakini hamu ya kufinyanga haikunitoka tena.

Wiki nne za mwanzo ni za gurudumu, na sitazisemea sana. Watu kumi na wawili kwa magurudumu sita, unangoja zamu. Mpenda vikombe atafurahi.

Utamu uko kwenye wiki nne za meza ya mkono, yaani kufinyanga bila gurudumu. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alituondolea viti. Akaweka donge la udongo juu ya kigoda katikati ya sakafu, akaanza kulizunguka kinyumenyume, mkono mmoja ndani ya donge, mwingine nje, akiuvuta udongo kutoka chini kwenda juu. "Chungu kinakaa," alisema, "wewe ndiye unayezunguka." Ukuta ukishafika kimo fulani, unaviringisha kamba ya udongo, unaizungushia mdomoni na kuikandika kwa kidole gumba hadi kiungo kisionekane. Mgongo unauma. Alituambia kwamba hivyo ndivyo alivyofinyanga Ladi Kwali wa Nigeria, yule ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20, na kwamba Ladi alifundishwa na shangazi yake kijijini.

Nilisisimka, maana kwa Ladi Kwali ndiko Odundo alikopita. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaja Cambridge mwaka 1971 kusomea uchoraji wa matangazo, na udongo akakutana nao hukuhuku Uingereza. Aliyemshauri aende Nigeria ni Michael Cardew, Mwingereza aliyeanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, ile Abuja ya zamani ambayo leo inaitwa Suleja. Mwaka 1974 akaenda, akajifunza kwa Ladi Kwali na wanawake wenzake. Alifika pia New Mexico, Marekani, kwa wafinyanzi wa kijiji cha San Ildefonso ambao vyungu vyao vyeusi vinajulikana duniani. Akahitimu Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1982, na mwaka 2020 akapewa cheo cha heshima cha Dame. Binti wa Nairobi alifika Uingereza, kisha akarudi Afrika kukaa miguuni pa mama wa kijijini aujue mkono wake. Mimi hilo linanigusa sana, kwa sababu nilipita kando ya wale mama wa Ikombe utoto wangu wote na sikuwahi kukaa hata siku moja kuwatazama.

Sasa malalamiko. Mwalimu alitufundisha kukiweka chungu shavuni: ukihisi ubaridi, maji bado yamo. Wiki ya sita changu kilikuwa na ubaridi kitakoni. Nikasema. Msimamizi wa joko, lile tanuri la kuchomea vyungu, akajibu kwamba linawashwa Alhamisi, kiingie au kingoje mwezi ujao. Nikakubali, kikarudi vigae. Maji yaliyobaki kitakoni yaligeuka mvuke yakakosa pa kutokea, na kishindo kikavunja na sahani ya mwenzangu. Tulipewa donge jipya la udongo, basi. Udongo una muda wake wa kukauka, na karakana inayofundisha jambo hilo darasani haikupaswa kulisahau mbele ya joko.

Jingine, msitarajie chungu cheusi. Weusi wa Odundo si wa kupaka. Anakipaka chungu uji mwembamba wa udongo, anakisugua hadi king'ae, anakichoma kinatoka chekundu. Anayetaka cheusi anakirudisha motoni pamoja na vitu vya kutoa moshi, hewa ikiwa imebanwa. Joko la darasani ni la umeme, na moshi wa namna hiyo unaharibu nyaya zake. Changu cha pili nilikisugua kwa kijiwe cha mtoni jioni mbili nzima. Kikachomwa nyuzi 1,000, mng'ao ukafifia, kikatoka chekundu kama tofali. Hata hivyo nilikigonga kwa kifundo palepale mezani, watu wakinitazama. Kikalia.

Kateni kucha kabla ya kwenda, na mbebe khanga kuukuu ya kujifunga kiunoni, aproni zao ni fupi. Mimi nimejiandikisha tena kwa Septemba, meza ya mkono tu, na nimewaandikia kwamba changu hakiingii jokoni mpaka shavu langu liseme ndiyo.