Nimeitumia PhET ya umeme na kidato cha pili, haya ndo maoni yangu

Mimi nafundisha fizikia, maabara yetu ina ammita (kipimo cha mkondo wa umeme) mbili na moja sindano imekufa, kwa hiyo nikisema nimetafuta simulesheni, yaani jaribio la kufanyia kwenye kompyuta, elewa nilitafuta kwa shida. Kabla ya hii tulikuwa na programu moja ya kununua, jina naliacha, ukifungua unapigwa muziki, halafu katuni inaongea dakika mbili, halafu unakutana na menyu ina vibatani kibao vya rangi rangi hujui kipi ni kipi. Nzuri kwa macho kweli, ila madogo walikuwa wananiita kila baada ya sekunde, ticha hapa nibonyeze wapi.

Sasa hii Circuit Construction Kit, simulesheni ya kuunganisha saketi za umeme, ni ya PhET, wale wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, mradi ulianzishwa 2002 na Carl Wieman aliyepata Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni bure. Zamani simulesheni zao zilikuwa za Java na Flash, programu za ziada za kuweka kwenye kompyuta, zilikuwa zinasumbua mpaka unakata tamaa, siku hizi inafunguka kwenye brauza tu, na unaweza kulidownload faili ukaenda nalo kwenye flashi darasani bila bando.

Ukifungua hakuna maelezo. Skrini tupu, pembeni kuna boksi la waya, betri, balbu, swichi na vitu vingine vichache. Mwanzoni nikaona hawa jamaa wamekuwa wavivu, kumbe ndo ujanja wenyewe, maana hao jamaa huwa wanamkalisha mwanafunzi aitumie huku anasema kwa sauti anachowaza, wakaona watu hawasomi maelekezo, wanashika tu kinachoonekana kinashikika. Na kweli, nilimpa binti mmoja mausi bila kusema neno, akaburuta betri, akaburuta waya, ncha zikanasana zenyewe, balbu ikawaka, darasa likashangilia kama Simba imefunga.

Kilichonikosha zaidi ni zile elektroni, chembe zinazobeba umeme. Vidoti vya bluu vinatembea ndani ya waya unaviona hivi hivi. Miaka yote nahangaika na wale wanaoamini balbu ya kwanza inakula umeme halafu ya pili inapata makombo, naeleza, wanaitikia ndiyo mwalimu, kwenye mtihani wanaandika vile vile. Siku hiyo tukaweka balbu mbili kwa sirizi, moja baada ya nyingine kwenye njia moja, vidoti vinaenda mwendo ule ule kabla ya balbu na baada ya balbu, kijana mmoja wa nyuma akasema "kumbe haviishi". Nikakaa kimya, sikuongeza kitu. Ukiongeza betri vinakimbia na miale ya balbu inarefuka hapo hapo, husubiri wala hubonyezi OK yoyote. Ukipiga shoti, yaani ukiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri inawaka moto.

Huo moto sasa. Unafundisha kweli, ila wakishaugundua somo limeisha, robo saa nzima kila kikundi kinapiga shoti makusudi wanacheka. Ukiwa mwalimu panga dakika za fujo kabisa mwanzoni, usipigane nao, kuna batani ya chungwa ya kurudisha kila kitu mwanzo, pale chini kulia.

Kwenye sehemu yake ya kwanza, inaitwa Intro, kuna na vitu vya kujaribu kama vinapitisha umeme, sarafu, penseli, kifutio, mpaka mbwa jamani. Na noti ya dola, nikaulizwa mbona siyo buku tano, sikuwa na jibu.

Kasoro nazoona mimi. Kutenganisha waya inabidi ugonge pale zilipoungana ndo mkasi utokee, mtu mgeni hawezi kuotea, tulizunguka weee mpaka dogo mmoja akabahatisha. Na kwa simu ndogo usijisumbue, kidole kinafunika waya wenyewe unaoutafuta, tumia laptopu na projekta au hata tableti moja kwa watu wanne. Lugha haikuwa shida, maneno yenyewe hayazidi ya kuhesabu.

Nyota nne na nusu. Ile nusu iliyobaki nitaiongeza wakiutoa ule mkasi mafichoni. Wiki ijayo najaribu simulesheni yao nyingine, ile ya kurusha vitu, nasikia kuna mzinga unarusha mpaka piano, sasa hapo sijui nitawatulizaje.