Darubini ya Bei Nafuu kwa Bunduki Nyepesi ya Kuwindia: Ipi Ianze, Ipi Ifuate

Anayenunua bunduki nyepesi anataka kuibeba kutwa nzima, kupanda na kushuka nayo, na mkono wake bado uwe umetulia wakati wa kulenga. Ndiyo maana inaniuma kuiona bunduki kama hiyo imefungwa darubini ndefu na nene ya gramu 650. Ongeza pete na vishikizo vya kuifungia juu ya bunduki, gramu 150, na bunduki ya kilo 2.7 imebebeshwa karibu theluthi ya uzito wake. Mzigo wote huo umekaa juu, kwa hiyo bunduki inalemea upande ukiitundika begani na inayumba ukiinyanyua haraka. Wepesi ulioulipia umepotea.

Kwa hiyo anza na mizani. Darubini ikizidi gramu 450, iache hata kama muuzaji anaisifia. Karibu na gramu 300 ndipo penye raha.

Baada ya uzito linakuja teke, yaani msukumo wa bunduki kukurudia begani unapopiga. Kwa risasi ileile, bunduki ikipungua uzito teke huongezeka: ukitoka bunduki ya kilo 4 kwenda ya kilo 3, nguvu ya teke hupanda kwa theluthi hivi. Hapo ndipo darubini huwagonga watu usoni na kuwachana nyusi. Kila darubini ina umbali ambao jicho linatakiwa kukaa nyuma ya lenzi ili picha ionekane nzima, bila kivuli cheusi pembeni. Zipo darubini zenye umbali wa milimita 75 tu. Kwa bunduki ndogo ya .22 (namba kama hizi ni majina ya aina za risasi) hilo si tatizo, lakini kwenye .308 nyepesi, ambayo risasi yake ni yenye nguvu, ni hatari, hasa ukipiga ukiwa umelala kifudifudi au unalenga kuelekea juu ya mlima, maana uso husogea mbele wenyewe. Tafuta milimita 90 na zaidi. Na usidanganywe na namba moja: kwenye darubini nyingi umbali huo hupungua ukuzaji unapoongezeka, kwa hiyo namba ya kuiamini ni ile ndogo.

Kuhusu mwanga kuna upotoshaji mwingi, na ni jambo zito, kwa sababu wanyama wengi huonekana alfajiri na jua linapozama. Mnunuzi huambiwa lenzi kubwa huona zaidi. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 50 kwenye ukuzaji wa mara 16 inatoa mwali wa milimita 3 tu. Lenzi ya milimita 33 kwenye mara 5 inatoa 6.6. Mboni ya jicho la kijana hufunguka gizani hadi milimita 7 hivi, nayo hupungua umri unavyosonga, kwa hiyo mwali mpana kuliko hapo haumwongezei mtu chochote. Giza likianza kuingia, punguza ukuzaji, na lenzi ndogo itakuhudumia vizuri. Lenzi ya milimita 50 itakuongezea uzito na kukulazimisha kufunga pete ndefu, ambazo zinainua shavu lako kutoka kwenye kitako cha bunduki.

Ubora wa vioo una maana kubwa kuliko ukubwa wake. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso, na ndani ya darubini nyuso ni nyingi. Soma maelezo kwa makini: yanatakiwa yaseme kwamba kila uso wa kila lenzi umepakwa tabaka nyingi. Yakisema tu kwamba lenzi zimepakwa, huenda ni chache kati yake. Bomba, yaani mwili wa darubini, lenye kipenyo cha milimita 30 nalo lisikuvutie, kwani kinachoongezeka hapo ni nafasi ya marekebisho na uzito. Bomba la inchi moja, yaani milimita 25.4, linatosha kabisa kwa kuwindia.

Sasa orodha.

Ya kwanza kwangu ni Leupold VX-Freedom ya mara 2 hadi 7 yenye lenzi ya milimita 33. Ina uzito wa gramu 315 hivi na umbali wa jicho ni mrefu. Wengine wanaona mara 7 ni kidogo. Mimi naona inatosha na kubaki kwa mnyama wa kimo cha swala aliye mita 200, na mbali zaidi ya hapo bunduki nyepesi yenyewe ndiyo inayoanza kukusumbua kabla ya darubini. Mara 2 kwa upande wa chini ni neema msituni, mnyama anapokurupuka hatua chache mbele yako na unahitaji kuona eneo pana. Alama yake ya kulengea ni msalaba wenye mikono minene inayokonda kuelekea katikati, mtindo ambao Leupold waliuleta mwaka 1962, na jioni mikono ile minene huonekana hata nyuzi nyembamba za katikati zinapofifia.

Ya pili ni ndugu yake, VX-Freedom ya mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya milimita 40, takriban gramu 346. Kama unawinda kwenye tambarare au milima mitupu, ipandishe iwe ya kwanza. Tofauti ya uzito ni ndogo mno kukunyima usingizi, na mwali wake kwenye mara 6 ni milimita 6.7. Nimeiweka ya pili kwa sababu watu wengi hutembea nayo ikiwa imeachwa kwenye mara 9, kisha mnyama anatokea karibu na wanaona manyoya tu.

Ya tatu ni Vortex Crossfire II. Mara nyingi hii ndiyo ya bei ya chini kuliko zote ninazozitaja hapa, na mwenye mfuko mdogo asione haya kuichukua. Ya mara 2 hadi 7 ina gramu 405 hivi, ya mara 3 hadi 9 ina gramu 425. Umbali wa jicho ni mzuri, unakaribia milimita 97. Picha inapoteza ukali kidogo kuelekea kingo, na unapoiweka bega kwa bega na Leupold wakati jua limezama unaona tofauti. Ila udhamini wake hauna masharti ya risiti wala hauulizi wewe ni mmiliki wa ngapi.

Ya nne ni Burris Fullfield E1, mara 3 hadi 9, lenzi ya milimita 40, gramu 370 hivi. Vioo vyake ni vizuri sana kwa bei yake, na kwa mwanga hafifu ningeipandisha juu ya Crossfire II. Kinachoishusha ni umbali wa jicho, ambao kwenye ukuzaji mkubwa hushuka hadi karibu milimita 79. Kwa bunduki nyepesi ya .243 inanifaa. Kwa .30-06 nyepesi, hapana.

Ipo njia nyingine ninayoipenda kuliko watu wanavyodhani: Leupold iliyotumika. Udhamini wao hufuata darubini yenyewe, si mtu aliyeinunua kwanza, kwa hiyo ya zamani ya mara 4 isiyobadilika inaweza kuwa ununuzi bora kuliko mpya ya jina lisilojulikana. Itikise karibu na sikio usikilize kama kuna kitu kinacholegea. Iangalie dhidi ya mwanga uone kama ndani kuna utando au alama za unyevu. Chunguza bomba mahali pete zilipobana. Omba namba yake ya utambulisho na uihakikishe, kwa sababu nakala bandia za Leupold zipo sokoni.

Usinunue darubini ya bei ya chini yenye ukuzaji wa mara 4 hadi 16, lenzi ya milimita 50 na taa nyekundu na kijani ndani. Kwa fedha ileile, kila kilichoongezwa hapo kimekatwa kwenye vioo na kwenye uimara wa ndani.

Unapofunga, kwanza toa risasi zote na uhakikishe chemba ni tupu. Tumia pete za alumini, fupi kadiri lenzi ya mbele inavyoruhusu bila kugusa mtutu. Baadhi ya bunduki, kama Tikka T3x, zina reli iliyochongwa kwenye mwili wake, hivyo pete hukaa moja kwa moja bila kishikizo cha kati na unaokoa gramu kadhaa. Skrubu za pete kaza kwa bisibisi yenye kipimo, nyingi huhitaji nyutoni-mita 1.7 hadi 2, lakini kipimo cha mtengenezaji ndicho cha kufuata. Kukaza kupita kiasi huminya bomba na kukwamisha sehemu za ndani.

Rekebisha shabaha kwenye mita 100. Kliki moja ya kitufe cha kurekebishia, yenye robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja kati ya 60 za digrii), husogeza risasi milimita 7 hivi, kwa hiyo ukipiga sentimita 3.5 kushoto, kliki 5 kulia zinatosha. Piga tatu, kisha uache mtutu upoe. Mtutu mwembamba wa bunduki nyepesi ukipata moto risasi huanza kuhama, na utaishia kuirekebisha darubini isiyo na kosa.

Shabaha ikishakaa, zungusha kliki 20 juu na upige, 20 kulia na upige, 20 chini na upige, 20 kushoto na upige. Risasi ya mwisho inatakiwa irudi pale ulipoanzia, na matundu manne yafanye mraba wenye upande wa sentimita 14.5 hivi. Isiporudi, rudia mara moja mtutu ukiwa umepoa na skrubu umezikagua. Ikikataa tena, ifungue na uirudishe kwa muuzaji wiki hiyohiyo.