Uzoefu wangu na Lichess kwa mafumbo ya chekimeti, na pale iliponigotesha

Nimekaa na Lichess, tovuti ya kucheza chesi, miezi minane sasa, na kilichonipeleka huko ni mafumbo ya chekimeti, yaani kumfunga mfalme: yuko kwenye cheki, ameshambuliwa, na hana pa kukimbilia. Mchezo mzima nacheza kama watu wengine, leo napiga, kesho napigwa. Lakini nikiwekewa kete tano ubaoni nikaambiwa "mweupe acheze, afunge kwa hatua mbili", basi nimekwisha. Chakula hakishuki, usingizi hauji.

Kabla ya hapo nililipia programu nyingine, sitaitaja jina. Ilikuwa na rangi nzuri na sauti za makofi kila ukipatia. Ukikwama unabonyeza kitufe cha msaada, mshale unatokea, kete inajisogeza yenyewe, makofi yanapigwa. Nani kapatia hapo? Mwezi wa pili wakakata pesa kwenye kadi yangu nilipokuwa nimeshajitoa. Nikaandika kulalamika, nikaandika tena, kimya. Nikaifuta nikiwa kwenye feri ya Likoni, na walahi sijaikumbuka tangu siku ile.

Lichess nilidhani ni chambo, maana ni bure na haina hata tangazo moja. Kumbe ndivyo ilivyo tangu Mfaransa Thibault Duplessis aianzishe mwaka 2010: inaendeshwa kwa michango ya watu, na programu yenyewe iko wazi kwa yeyote anayetaka kuichungulia. Mafumbo unafungua bila hata kujisajili. Yamepangwa kwa aina, kwa hiyo ukitaka chekimeti za hatua mbili pekee utapewa hizo hadi uchoke. Ukikosea huzomewi. Unaambiwa tu siyo hiyo, jaribu nyingine. Na jibu limewekwa nyuma ya kitufe, mpaka uamue mwenyewe kulifungua.

Aina iliyonikamata ni ile ya mfalme kubanwa na watu wake mwenyewe. Mfalme mweusi yuko nyumba ya h8 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa kulala), mbele yake askari wake g7 na h7, ngome yake d8. Mweupe ana farasi h6 na malkia c4. Malkia anaenda g8, cheki, mdomoni kabisa! Mfalme hawezi kumla kwa sababu farasi analinda ile nyumba, kwa hiyo ngome inalazimika kula. Ikishakula imekaa mlangoni, mfalme hana pa kutokea, na farasi anaruka f7. Kwisha. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu ndani ya matatu mpaka jirani akasogea. Mbinu hii imo kwenye kitabu cha Kihispania cha mwaka 1497, yaani mwaka mmoja kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapa Mombasa.

Sasa pale iliponigotesha. Mpwa wangu yuko kwenye klabu ya chesi shuleni, akanitumia picha kwa WhatsApp: "Mjomba, hii tumepewa, nisaidie." Mweupe: mfalme c7, ngome b1, askari a5. Mweusi: mfalme a7, askari a6. Mweupe acheze, afunge kwa hatua mbili. Kete tano tu. Nikasema hii ni ya kabla ya chai.

Nikapeleka ngome b7, cheki. Mfalme anaingia a8, na hatua moja iliyobaki haimfungi. Nikapeleka b8 nimbane kabisa. Nikambana kweli, hana hata nyumba moja ya kwenda wala askari wa kusogeza, ila hayuko kwenye cheki. Sare! Zamu nzima ya kahawa ikapita niko palepale.

Nikakata tamaa, nikafungua Lichess. Kuna ukurasa wa kupanga kete upendavyo, ukimaliza unapeleka kwenye uchambuzi na kuwasha Stockfish, ile injini wanayoitumia, yaani programu inayokokotoa hatua bora yenyewe. Kabla sijaondoa kidole, mshale umeshachorwa: ngome b6. Pembeni imeandika #2, yaani chekimeti kwa hatua mbili. Basi. Jibu nikawa nalo mkononi, na bado nisingeweza kumweleza yule kijana limetoka wapi. Angeniuliza "kwa nini b6, Mjomba?" ningemwambia nini, kwamba mshale umesema?

Jioni nikaenda Kibokoni, kwenye baraza anapokaa Ami yangu na wenzake waliostaafu bandarini. Ami hasemi chesi, anasema sataranji, na mfalme kwake ni shaha. Nikampangia zile kete kati ya vikombe vya kahawa. Akaangalia, akatafuna kashata, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mweusi ana njia ngapi?"

Nikahesabu. Nyumba za b zote zimelindwa. Askari wake amezuiwa na askari wa a5. Imebaki a8 tu.

"Sasa kama ana njia moja, wamfukuzia nini? Mwache aende. Wewe kaa mahali ambapo akifika tu, umemshika."

Hapo nikaiona. Ngome inasogea b6, karibu na mfalme kabisa kama inajitoa iliwe, lakini haiguswi: askari wa a5 anailinda, na mfalme wa c7 pia. Mweusi hana budi kwenda a8. Ngome inamla askari wa a6, cheki, na a7, b7 na b8 zote zimefungwa. Mimi mchana kutwa nilikuwa natafuta cheki za mweupe, wala sikumtazama mweusi.

Kwa hiyo nawapa nyota nne. Kwa mafumbo ya kila siku sijaona cha kulinganisha nayo, na ile sehemu ya kupanga kete imeniokoa mara nyingi nikitaka kuhakikisha jibu langu. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu mafumbo yao yanatoka kwenye michezo halisi ya watu, yakichujwa na injini, kwa hiyo mengi yanaanza kwa cheki au kula kete. Ukizoea hayo, siku utakayopewa fumbo la kutungwa, lenye hatua ya kwanza ya kimya kama ile b6, utahangaika kama mimi. Na injini haikuambii kwa nini. Stockfish naiwasha mwisho kabisa siku hizi, nikishaandika njia zote za mweusi kwenye karatasi.

Mpwa wangu nilimpigia usiku uleule. Sikumpa jibu, nilimuuliza swali la Ami. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Aah, Mjomba, si ni b6!" Ilimchukua dakika mbili. Sijamwambia mimi ilinichukua siku nzima. Ami naye ameshanipangia nyingine, ya hatua tatu, ina farasi wawili. Leo ni siku ya pili na simu iko mfukoni.