Tupa kuukuu au chuma cha HSS (high-speed steel, chuma kigumu kinachostahimili joto) kwa patasi ya kukereza mbao?

Tupa ina kaboni nyingi, kwa hiyo unaweza kuikaza (kuifanya ngumu kwa moto) mwenyewe. Lakini usiitumie ilivyo: ni ngumu mno, na mti ukiikamata kwenye mashine huvunjika kama kioo. Saga meno yote kwanza, maana ufa huanzia kwenye mifereji yake. Kisha ipashe moto hadi sumaku iache kuinasa, takriban 770°C, ongeza moto kidogo, uizamishe kwenye mafuta yenye uvuguvugu. Ing'arishe, uiweke kwenye oveni ya 200°C kwa saa moja, mara mbili, ili ugumu upungue kidogo na isivunjike. Ikitoka na rangi ya majani makavu, hapo ndipo. Napenda sana kuiona rangi ile ikipanda.

HSS haikazwi nyumbani. Inahitaji karibu 1200°C. Unanunua kipande kilichokwisha kukazwa, unakipa umbo kwenye jiwe la kunolea, basi. Makali yake hustahimili joto la msuguano, ilhali tupa ikigeuka buluu jiweni, ncha imeshalainika.

Kwa kukereza kila siku nachagua HSS. Tupa naiwekea kazi nyepesi za kumalizia, kwani hunoleka haraka na kwa wembamba mzuri.