"Metal Machine Music" ya Lou Reed: uzoefu wangu kama msikilizaji

Albamu hii ya mwaka 1975 huwagawa wasikilizaji hadi leo: wapo wanaoiita kelele tupu, na wapo wanaoihesabu miongoni mwa kazi jasiri kabisa za muziki wa roki. Mimi ni wa kundi la pili, ingawa hasira ya wanunuzi wa kwanza naielewa. Jalada lilimwonyesha Reed jukwaani kama mwanaroki yeyote, kwa hiyo aliyelipia santuri mbili alikuwa na haki ya kutarajia angalau wimbo mmoja. Hakuukuta. Hakuna uimbaji, hakuna ngoma, na wengi walizirudisha dukani.

Kilichomo ni magitaa yaliyoegemezwa kwenye amplifaya, nyuzi zikiitikia sauti ya spika na kuirudisha tena na tena, ule mlio mkali unaotoboa masikio harusini kipaza sauti kinaposogezwa karibu na spika. Hapa mlio huo umerekodiwa tabaka juu ya tabaka, kwa zaidi ya saa moja.

Msiisikilize kwenye spika ya simu, maana huko tabaka zote hugeuka mvumo mmoja wenye kuchosha. Vaeni hedifoni na mpunguze sauti, kwa kuwa sikio la kushoto na la kulia hupokea mambo tofauti kabisa. Nikitulia nayo, baada ya muda huanza kusikia vipande vifupi vya nyimbo vikizuka juu kabisa, vikifukuzana, kisha vikipotea kabla sijavishika, na hilo ndilo linalonirudisha kwake kila mara.

Wanaodai kwamba Reed alifanya mzaha nawakumbusha kuwa mwanamuziki Ulrich Krieger aliiandika kazi hii kwa nota, na mwaka 2002 kundi la Zeitkratzer likaipiga Berlin kwa ala za kawaida, Reed mwenyewe akishiriki. Ingekuwa haina kitu ndani, wapigaji wale wangesoma nini?

Mwenye masikio yanayouma au kuvuma aiepuke. Anayeitaka kwa dhati atafute santuri zenyewe, kwa sababu mfereji wa mwisho wa upande wa nne, ambamo sindano hupita, umefungwa kama duara kwa makusudi, na sauti hujirudia bila kikomo mpaka msikilizaji anyanyue sindano.