Miezi miwili bila gereji: uzoefu wangu na Elite Dangerous

Huu ni mwaka wa tatu nacheza Elite Dangerous, na wadogo zangu wakinikuta kwenye kompyuta swali lao ni lilelile: "Kaka, mbona hupigani na mtu?" Kweli sipigani. Mimi ni msafiri. Gemu hili la kuendesha meli za anga za juu lilitoka mwaka 2014, limetengenezwa na Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, na ndani yake kuna galaksi yetu nzima kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Sehemu kubwa haijakanyagwa na mchezaji yeyote. Ukitangulia kufika pahala na ukarudi salama kuuza ramani zako, jina lako linabaki pale. Huo ndio ulevi wangu.

Neno lenyewe ni hilo, kurudi salama. Meli ikilipuka njiani, bima inakupa nyingine kwa 5% ya bei, lakini ramani zote ambazo hujauza zinapotea. Miezi miwili ya kazi, pwaa! Ndiyo maana sitaongelea picha wala sauti, ambazo ni nzuri mno na kila mtu ameshazisifu. Nitaongelea meli inavyochakaa.

Safari yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kwenda Colonia, miaka ya mwanga 22,000 kutoka kwenye Jua letu. Historia ya mji huo peke yake inatosha kukuchekesha. Mwaka 2016, ndani ya gemu, kituo cha anga kiitwacho Jaques kilijaribu kuruka hadi Beagle Point, ng'ambo ya pili ya galaksi, kikapotea. Wachezaji wakakitafuta, wakakikuta kimeharibika katikati ya safari, na mji ukaota palepale kilipokwama. Mimi nilikuwa na Asp Explorer, meli ya bei ya kati yenye kioo kikubwa cha mbele, iliyoweza kuruka karibu miaka ya mwanga 60 kwa mkupuo. Piga hesabu mwenyewe: ni miruko zaidi ya 360. Kwa hiyo kila mtu anatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ni nyota za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota kubwa zilizolipuka.

Nyota ya nyutroni inarusha mikia miwili mirefu ya mwanga. Unaingiza meli kwenye ncha ya mkia, mbali na nyota yenyewe. Usukani unakutoka mkononi, meli inayumba na kulia kama daladala bovu kwenye makorongo, halafu ujumbe unatokea kwamba injini ya kuruka imeshiba. Mruko unaofuata ni mara nne ya kawaida. Miaka ya mwanga 240 kwa mpigo mmoja! Malipo yake ni 1% ya uzima wa injini. Nilipoiona hiyo asilimia moja nikacheka.

Kicheko kilikoma uzima wa injini ulipofika 79%. Nilikuwa nimenogewa, sijafungua ukurasa wa vifaa tangu asubuhi. Nikabonyeza kuruka, injini ikajaza, ikakohoa, ikazima. Nikabonyeza tena. Injini ikishuka chini ya 80 inaanza vituko, leo inakubali kesho inagoma, na mahali pabaya kuliko pote pa kuletewa vituko ni ndani ya mkia wa nyota. Usijaribu mchezo huo kwenye nyota kibete nyeupe: mkia wake ni mfupi, eneo la hatari liko karibu mno, na faida yenyewe ni nusu tu juu ya mruko wa kawaida. Mimi huzipita mbali.

Dawa ya injini ni kifaa kinachoitwa AFMU, yaani fundi wa ndani. Unashuka kwenye mwendo wa kawaida, unafungua paneli ya kulia, unachagua kifaa kinachoumwa, unaamuru kitengenezwe. Kifaa hicho kinazimwa wakati wa matengenezo, kwa hiyo tazama kwanza uko wapi. Kisha unakaa na kusubiri namba zinapanda: 81, 84, 90. Kuna utulivu fulani pale, meli imenyamaza, nyota haziendi popote. Mimi huwa naenda kupasha chai.

Ila fundi huyu ana mipaka yake. Hatengenezi mtambo wa umeme wa meli. Hajitengenezi mwenyewe, ndiyo maana wazoefu hubeba wawili, huyu amtazame mwenzake. Vipuri vyake vinaisha, na kuvijaza unahitaji madini uliyookota kwenye sayari. Na kubwa kuliko yote, bodi ya meli haimhusu kabisa. Bodi inatengenezwa kwa limpeti za ukarabati, vidude vidogo vinavyoruka nje ya meli na kuchomelea, na unahitaji mtambo wa kuziongoza pamoja na nafasi ya mizigo. Vyote hivyo ni uzito, na uzito unapunguza mruko. Mimi, mjuaji, niliviacha nyumbani.

Vipuri vya fundi wangu viliisha nikiwa nimeshapita Colonia, naelekea mbele zaidi. Nikachagua sayari yenye madini mengi nikateremka kuokota. Mvuto wake niliuona umeandikwa: mara tatu na ushee ya Dunia. Nikausoma na nisiuelewe. Kwenye mvuto wa namna hiyo ukiinamisha pua ya meli kidogo tu, unaanguka, na injini zangu nilizichagua nyepesi makusudi. Ngao ilipasuka kwa mguso wa kwanza. Mguso wa pili ulikuwa wa bodi yenyewe, na niliposimama namba ilisema 31%. Nilikuwa nimekwenda kutafuta dawa, nikavunjika mguu.

Kioo cha mbele, namshukuru Mungu, kilibaki kizima. Kikivunjika unaanza kuhesabiwa pumzi: kifaa cha hewa cha daraja la chini kinakupa dakika 5, cha daraja la A dakika 25, na kituo nilichokijua kilikuwa mbali sana. Nikapaa kama aliyebeba mayai, nikatoka kwenye mvuto, nikazima gemu. Uzuri ni kwamba ukitoka, meli inakusubiri ulipoiacha.

Nilichokifanya kesho yake ndicho kinachonifanya niipende jamii ya gemu hili. Wapo wachezaji wanaojiita Hull Seals. Kazi yao, bure kabisa, ni kuwafuata walioumia mbali na kuwatengenezea bodi, kama Fuel Rats wanavyowapelekea mafuta waliokaukiwa. Nikawajulisha mtandaoni. Walituma mmoja, akaruka saa nyingi hadi akanifikia, akasimama pembeni yangu na kuachia limpeti zake. Cheche zikaanza kurukaruka nje ya kioo changu. 38. 45. 52. Sikugusa kitu hadi amemaliza. Nilitaka kumlipa, akasema nisiumie tena, akaondoka.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Tanga. Alikuwa akisema nahodha anayetweka tanga bila pamba ya kalafati chomboni huyo anakwenda kuvua maiti yake. Nilimkumbuka sana siku ile, na najua angenitukana.

Malalamiko yangu ni mawili. Gemu halikufundishi mambo haya: mafunzo ya mwanzo yanakuonyesha kutua na kupigana, ya uchakavu unayaokota kwa wenzako au kwa kuumia. La pili ni joto. Ukianza kuruka huku bado unateka mafuta kwenye nyota, joto linapita 100% na vifaa vyote vinaungua kidogokidogo, lakini onyo linakuja umeshachelewa, tena kwa sauti ya upole kana kwamba unakaribishwa chakula. Kwenye nyota pacha zilizobanana ni balaa.

Kama unataka vita vya harakaharaka, tafuta kwingine, huku utasinzia. Kama unaweza kufurahia kuangalia namba ikipanda kutoka 81 hadi 100, nunua, ila nunua ya kompyuta, maana matoleo ya PlayStation 4 na Xbox One yaliachwa kuendelezwa mwaka 2022. Intaneti lazima iwepo muda wote hata ukicheza peke yako. Kama unategemea bando la simu, zingatia hilo.

Sasa hivi meli yangu ina AFMU mbili, mtambo wa limpeti, na vipoza joto viwili. Mruko umepungua, na sijali. Ukurasa wa vifaa naufungua kila baada ya nyota kumi za nyutroni. Jana usiku niliuacha nikiwa njiani kuelekea Sagittarius A*, lile shimo jeusi la katikati: bodi 100, mtambo wa umeme 98, injini ya kuruka 93. Sijapenda hiyo 98. Fundi hawezi kuigusa, na safari bado.