Kula Unguja pamoja na watoto kwa bei nafuu: uzoefu wangu

Familia yenye watoto wadogo inaweza kula vizuri sana Unguja bila kutumia fedha nyingi, iwapo itakubali kula mahali na wakati ambao wenyeji wenyewe wanakula. Hilo ndilo ninaloweza kulithibitisha baada ya likizo yetu, ambayo tuliifanya mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa, pamoja na mama mkwe, ambaye kwa sababu za kiafya hali pilipili wala mafuta mengi. Tulivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, safari ya takriban saa mbili, tukakaa kwanza Mji Mkongwe, halafu tukahamia pwani. Ninaandika kwa ajili ya wazazi wanaopanga safari kama hiyo, kwa kuwa habari nyingi za migahawa ya Zanzibar zimeandikwa kwa ajili ya wanandoa walioko fungate au wageni wanaohesabu gharama kwa dola, na mzazi anayetaka kujua kama mtoto wake atapata wali na mchuzi usiowasha hasaidiki nazo.

Mahali ninapopapendekeza bila kusita ni Lukmaan, mtaa wa Mkunazini, si mbali na kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Ukikwama njiani, uliza penye mbuyu mkubwa, na mtu yeyote atakuelekeza. Ubora wake kwa familia unatokana na namna ya kuagiza: unapita mbele ya kaunta ambapo vyakula vimewekwa wazi kwenye sufuria, unaviona, unauliza, halafu unaonyesha unachotaka. Mtoto ambaye angekataa chakula kwa sababu hajui jina lake anachagua mwenyewe kwa macho. Binti yetu mdogo alisimama juu ya vidole vyake ili aone ndani ya sufuria, na yule aliyekuwa akipakua akamwinulia sahani ya ndizi za nazi, kisha akamuuliza mama mkwe kwa upole, “Bibi, huyu tumtilie na samaki, au mchuzi mtupu?” Mama mkwe alipata samaki wa kuchoma, mchicha na wali mweupe, nasi tukachukua pweza wa nazi na pilau. Pweza alikuwa laini kiasi kwamba hata mtoto wa miaka minne alimtafuna bila shida, jambo ambalo sikulitarajia, kwani pweza asiyepondwa vizuri humchosha hata mtu mzima. Kwa siku tulizokwenda, sahani ya wali na kitoweo iligharimu kati ya shilingi 8,000 na 15,000 kulingana na kitoweo, na sahani moja ya pilau iliwatosha watoto wote wawili. Pombe haiuzwi. Saa saba mchana watu ni wengi na meza hupatikana kwa kungoja, kwa hiyo tulijizoesha kufika saa sita kasoro, wakati vyakula vyote bado vipo na watoto hawajaanza kulia kwa njaa.

Karibu na bandari, mtaa wa Malindi, kuna Passing Show, mgahawa wa siku nyingi ambao wafanyakazi na wafanyabiashara wa mjini huujaza wakati wa mchana. Hakuna mapambo ya kuwavutia watalii, na sidhani kama yanahitajika. Tulikwenda kwa ajili ya biriani, na ningependa mzazi ajue faida moja ya biriani ya Kizanzibari: wali na masala hupikwa mbali mbali na hukutana kwenye sahani tu, hivyo unaweza kuomba mtoto awekewe wali na nyama, na masala yenye viungo vingi yaletwe kando. Mhudumu alilielewa ombi letu kabla sijamaliza kulieleza. Ninauweka mgahawa huu nyuma kidogo ya Lukmaan kwa sababu joto la mchana ndani yake ni kali na nafasi kati ya meza ni finyu kwa mtu mwenye mtoto anayependa kuzunguka, lakini kwa bei na ladha sina malalamiko hata kidogo.

Urojo hatukuula mgahawani. Tuliupata kwa mama mmoja mwenye meza yake barazani, jioni, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake. Kwa asiyeufahamu, ni mchuzi wa manjano, mzito kiasi, wenye ukali wa embe mbichi na ndimu, ambamo hutiwa viazi, bajia, kachori, mishkaki na yai la kuchemsha, kisha juu yake huongezwa chatini ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo. Bakuli moja tulilipia shilingi 3,000, nalo linashibisha. Kwa kuwa kila kitu hutiwa mbele yako, pilipili inaweza kuachwa kabisa, na mtoto asiyependa mchuzi anaweza kupewa bajia na viazi vyake vikavu kwenye kisahani. Mwanangu wa miaka tisa alikula mabakuli mawili, na tangu hapo kila jioni aliuliza kama tutapita tena barazani kwa yule mama.

Sasa kuhusu Forodhani, ambako kila mgeni huambiwa aende. Bustani hiyo iko ufukweni mbele ya Ngome Kongwe, ilifanyiwa ukarabati mkubwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009, na jua linapokaribia kuzama wauzaji hupanga meza zao na kuwasha taa na majiko. Kama mahali pa kupeleka watoto, sijui pengine mjini panapolingana napo. Kuna nyasi, kuna sehemu ya michezo, kuna upepo wa bahari, na kuna vijana wanaojirusha majini kutoka ukutani, ambao watoto wetu waliwatazama hadi giza lilipoingia. Mzazi anaweza kukaa akapumua. Chakula, hata hivyo, kinahitaji uangalifu, na ninalisema hili kwa kuwa ninapapenda mahali penyewe. Kamba, ngisi na samaki waliopangwa kwa mishikaki juu ya meza mara nyingi huwa wamekwisha kupikwa mapema, na ukiagiza hupashwa moto tu. Kwa mtu mzima pengine si neno, lakini kwa tumbo la mtoto sikutaka kubahatisha, na kanuni yetu ikawa kununua tu kile kinachoanza kibichi na kuiva mbele ya macho yetu.

Kanuni hiyo ilitupeleka kwenye pizza ya Kizanzibari, ambayo watoto waliipenda kuliko kitu chochote, na nusu ya furaha yao ilikuwa kuangalia inavyotengenezwa. Mpishi alichukua donge dogo la unga uliolowekwa mafuta, akalitandaza kwa viganja hadi likawa jembamba kiasi cha kuonyesha meza iliyo chini yake, akaweka kipande kingine cha unga katikati ili pasitoboke, akatia nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho, jibini na mayonezi, akapasua yai, akavichanganya vyote papo hapo kwa kijiko, akakunja pembe nne na kuihamishia kwenye chuma cha moto. Haikuzidi dakika kumi. Ya nyama ilikuwa shilingi 6,000, na ile ya ndizi na chokoleti ilipungua kidogo. Pamoja na juisi ya miwa iliyokamuliwa kwa tangawizi na ndimu, watu watano tulikula jioni nzima kwa fedha ambayo baadaye, pwani, haikutosha kununua sahani mbili. Nasisitiza kuuliza bei kabla ya kuagiza, kwa kila kitu na kwa kila meza, na kuisema kwa sauti mara ya pili kabla ya kitu kuwekwa jikoni. Wauzaji hawachukii. Salamu ya kweli mwanzoni, bila haraka, husaidia zaidi ya ubishi wowote.

Pwani mambo yalibadilika. Upande wa kaskazini tuliingia katika mgahawa mmoja wa ufukweni ambao sitautaja, wenye mandhari nzuri na viti vilivyotazama maji. Tulingoja zaidi ya saa moja wakati mtoto mdogo amekwisha kulala juu ya mapaja ya bibi yake, na hesabu ilipoletwa tukakuta samaki ametozwa kwa uzito ambao hatukuonyeshwa, pamoja na nyongeza ya huduma ambayo haikuandikwa kwenye orodha ya vyakula. Mume wangu aliongea nao kwa heshima, sehemu ya nyongeza ikaondolewa, tukalipa. Katika ukanda huo wa hoteli kubwa, tatizo la mwenye familia ni kwamba migahawa iko mbali na makazi ya watu, hakuna cha kulinganisha nacho, na saa mbili usiku ukiwa na watoto wenye njaa huna nguvu ya kutafuta kwingine.

Jambiani, upande wa kusini mashariki, ilikuwa nafuu kwetu kwa kila maana. Kijiji na fukwe vimeshikana, hivyo kutoka mahali pa kulala hadi kwenye vibanda vya chakula vya wanakijiji ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Utaratibu wa huko ni kuagiza asubuhi kwa ajili ya jioni. Unapita, unaongea na mwenye jiko, anakuambia atategemea kupata nini, changu au jodari au pweza, mnapatana bei na saa, nawe unakwenda zako. Tulipatana kwa dada mmoja chakula cha watu watano: samaki wawili wa kupaka, wali wa nazi, maharage na kachumbari, kwa shilingi 60,000, na tulipofika saa kumi na mbili na nusu chakula kilikuwa tayari mezani, samaki wa watoto na wa mama mkwe akiwa hana pilipili kama tulivyoomba. Wakati wa maji kupwa watoto walitembea mbali juu ya mchanga wakiwaangalia akina mama wa mwani wakifanya kazi, na walirudi na hamu ya kula ambayo nyumbani hatuioni. Ningekuwa na nafasi ya kupanga upya, ningekaa Jambiani siku nyingi zaidi na kaskazini nisingekwenda kabisa.

Yapo mambo madogo ya kujiandaa nayo. Viti virefu vya watoto sikuviona popote mjini, kwa hiyo mtoto mdogo alikula akiwa amepakatwa. Vyoo vya migahawa ya bei nafuu ni vya kawaida, maji ya kunawa mikono yalikuwepo kila tulipokula ndani, ila Forodhani nilibeba chupa ya maji na sabuni. Maji ya kunywa tulinunua ya chupa kubwa na kuyagawa, maana ya chupa ndogo kwenye migahawa ya ufukweni ni ghali. Ijumaa wakati wa sala ya mchana baadhi ya migahawa hufungwa kwa muda, hivyo kuleni mapema au ngojeni. Kwa wanaofikiria kwenda mwezi wa Ramadhani, wajue kuwa mchana migahawa mingi ya wenyeji hufungwa na si adabu kula hadharani, kwa hiyo mwenye watoto wadogo atafute nyumba yenye jiko la kupikia. Nunua ndizi, maembe, mikate na mayai soko la Darajani asubuhi, uwalishe watoto ndani, na baada ya futari uwatoe nje waonje kaimati na vitafunio vingine vinavyouzwa usiku.